Kutoka Chuoni hadi Vidudu: Mtoto wa Uswahilini na Kitabu Chake cha Kwanza

Madhumuni ya makala haya ni kutazama jambo ambalo sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea kuliruka. Katika semina zetu tunaanza na mwandishi: kazaliwa wapi, kaandika nini, ametoka tabaka gani, itikadi yake inaegemea upande upi. Tukishamaliza hapo tunaingia kwenye fani na maudhui, na mwishoni kabisa, kama muda upo, mtu mmoja anauliza kuhusu hadhira. Hadhira yenyewe huchukuliwa kana kwamba ilikuwepo tu, imekaa mkekani inasubiri kitabu kitoke mtamboni. Lakini msomaji hazaliwi akiwa msomaji. Alikuwa mtoto wa miaka sita au saba, akakalishwa chini na mtu mwenye bakora au chaki, akaonyeshwa alama akaambiwa aitamke. Nani alimkalisha? Alimfundisha kwa hati gani? Na baada ya hapo, nani alikuwa na madaraka ya kusema kwamba huyu anajua kusoma na yule hajui?

Swali hilo la mwisho ndilo zito zaidi, na ndilo lililonifanya niandike. Nimechagua viunga vya Dar es Salaam, yaani Temeke, Tandika, Mtoni na Mbagala kwa upande mmoja, na Magomeni, Kinondoni, Mwananyamala, Tandale na Manzese kwa upande wa pili, kwa sababu huku njia zote za kumfundisha mtoto kusoma zimepita, na hakuna hata moja iliyoondoka kabisa. Mtoto wa Tandika leo anaweza kuwa na mikoba miwili, wa shule na wa madrasa. Asubuhi anaandika kutoka kushoto kwenda kulia, alasiri kutoka kulia kwenda kushoto, na wala haoni ajabu. Sisi tunaosoma nadharia ndio tunaona ajabu.

Najua wapo watakaosema kwamba hili ni suala la walimu, waachiwe wenzetu wa Chang'ombe, sisi tushughulike na riwaya. Nawaomba wasubiri kidogo.

CHUO NI NINI?

Tuanze na neno ambalo sisi wenyewe tumejivika. Tunajiita wanachuo, tunasoma Chuo Kikuu. Katika Kiswahili cha zamani chuo, wingi vyuo, kilikuwa ni kitabu. Edward Steere, askofu wa Kiingereza aliyechapisha sarufi yake mwaka 1870 akiwa amejifunza lugha Unguja, anaifasiri hivyo. Mwanachuoni alikuwa mtu wa vitabu. Baadaye neno likahama kutoka kwenye kitabu likaenda kwenye mahali kinaposomwa, na mahali penyewe palikuwa baraza ya nyumba ya mwalimu, jamvi limetandikwa, watoto wamejipanga na mbao zao. Kuandika nako kulikuwa ni kupanga kitu mahali pake. Ndiyo maana hadi leo tunaandika meza kabla ya chakula. Kwa hiyo mtoto aliyekwenda chuoni alikwenda kitabuni, akapangiwa herufi kama mtu anayepangiwa sahani.

Pwani yote hii, tangu Kunduchi hadi Mbwamaji, ilikuwa na vyuo kabla Sultani Majid hajaanza kujenga mji wake Mzizima miaka ya 1860. Utaratibu wake tunaufahamu vizuri, kwa sababu Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, aliuandika katika kitabu cha desturi za Waswahili ambacho Carl Velten alikichapisha Ujerumani mwaka 1903. Na kwa kweli mtu hahitaji kwenda mbali. Aingie mtaa wowote wa Temeke saa tisa alasiri atausikia. Mtoto anaanza na alifu. Lugha yetu imehifadhi hatua hiyo katika msemo wa alifu kwa kijiti, yaani mwanzo kabisa wa jambo. Akishazijua herufi kwa majina, anafundishwa irabu: herufi be ikipata fataha ni ba, ikipata kasira ni bi, ikipata dhumma ni bu. Anaiimba kwa sauti, na kundi zima linaimba pamoja naye, mpaka ulimi unazoea. Halafu Juzuu Amma, sura fupi fupi, halafu mbele zaidi, mpaka anahitimu na watu wanakula pilau.

Wakosoaji wa chuo wana hoja moja kubwa: mtoto anasoma asichokielewa. Anatamka Kiarabu, hajui Kiarabu. Hoja hii ni ya kweli, lakini inasimulia nusu ya habari tu. Mtoto yule yule, akishakuwa mtu mzima, alichukua herufi zile zile akaandikia lugha yake. Barua za biashara, hesabu za madeni, nyaraka za majumbe, na juu ya yote mashairi na tenzi, viliandikwa hivyo kwa karne kadhaa. Utendi wa Tambuka una tarehe ya mwaka 1728. Mwana Kupona alimwandikia bintiye utendi wake mwaka 1858. Sasa, hadhira ya kazi hizi ilitoka wapi kama si kwenye jamvi la mwalimu? Mtaala wa chuo haukuwa na somo la fasihi hata moja, na bado ndio uliotupa wasomaji wa fasihi yetu kongwe.

WAJERUMANI WANAJIFUNZA KUSOMA

Hapa pana kisa ambacho hakisimuliwi inavyostahili. Wajerumani walipoufanya Dar es Salaam kuwa makao yao makuu mwaka 1891, walikuta nchi ya pwani inaendeshwa kwa barua, na barua zenyewe zimeandikwa kwa Kiswahili kwa hati ya Kiarabu. Hawakuweza kuzisoma. Ikabidi wajifunze. Mwaka 1892 C. G. Büttner alitoa Berlin mkusanyo wa maandishi ya Kiswahili kwa hati hiyo, na mwaka 1901 Velten akatoa kitabu cha mazoezi cha kumwongoza Mjerumani aijue hati ya Waswahili. Hebu fikiria: bwana mkubwa, ofisa wa dola ya Kaizari, amekaa darasani Berlin na mwalimu Mswahili, anaanza alifu kwa kijiti.

Haikudumu. Serikali iliona ni rahisi zaidi kuibadili hati ya wananchi kuliko kuwafundisha maofisa wake wote, na shule za serikali, ya kwanza ikiwa Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890, zikatoa makarani na maakida wanaoandika kwa hati ya Kirumi. Wamisionari walikuwa wameshatangulia: gazeti la Msimulizi lilitoka mwaka 1888 kwa herufi hizo. Kiongozi, gazeti la watu wa Tanga, likafuata mwanzoni mwa karne ya ishirini. Katika muda wa maisha ya mtu mmoja, hati iliyokuwa ya usomi ikageuka kuwa hati ya dini tu, na aliyeijua hiyo peke yake akaonekana hajui kitu. Hakuna sheria iliyotungwa kusema hivyo. Ilitosha kwamba ajira, kodi na mahakama vilihamia upande wa pili.

Waingereza waliendeleza kazi hiyo kwa utulivu mkubwa zaidi. Mambo Leo ikaanza mwaka 1923 chini ya Idara ya Elimu, mkutano wa elimu ukafanyika hapa Dar es Salaam mwaka 1925, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya nchi zote za Afrika Mashariki, ambayo pamoja na mengine ilikagua vitabu vya shule na kuvipa idhini. Tunaisoma Kamati hii katika isimu kama habari ya usanifishaji. Mimi naiona pia kama habari ya watoto. Kabla ya hapo mwalimu wa chuo alikuwa na uhuru wake. Baada ya hapo neno halikuingia katika kitabu cha mtoto wa darasa la kwanza mpaka limepita mezani kwa Kamati, na katibu wake wa kwanza, Frederick Johnson, ndiye pia aliyeshughulika na tafsiri za hadithi za Kiingereza ambazo wanafunzi walipewa wazisome, Kisiwa chenye Hazina ikiwa mojawapo. Shaaban Robert, aliyesoma hapa Dar es Salaam kati ya mwaka 1922 na 1926, alikulia katikati ya mabadiliko hayo.

Vitongoji tunavyovizungumzia, Magomeni, Temeke, Kinondoni, vilipimwa na serikali hiyo baada ya Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya Waafrika, wakati shule zikiwa zimegawanywa kwa rangi: za Wazungu, za Waasia, za Waafrika. Nafasi za Waafrika zilikuwa haba. Wengi wa watoto wa viunga hivi hawakuwa na shule nyingine ila baraza ya mwalimu.

NGUMBARO ALIYEKWISHA KUSOMA

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, ujinga ulitajwa kuwa mmoja wa maadui watatu, pamoja na umaskini na maradhi. Sina ugomvi na vita hivyo. Takwimu rasmi zinasema kwamba watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikuwa kiasi cha asilimia 67 mwaka 1967, wakashuka hadi 39 mwaka 1975, na kufikia mwaka 1986 walikuwa chini ya asilimia 10. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Madarasa yalifunguliwa chini ya miembe, kwenye ofisi za matawi, viwandani. Wanafunzi wake waliitwa ngumbaro, kwa utani wa mapenzi, na masomo yenyewe yakaitwa kisomo chenye manufaa. Nchi chache duniani zilithubutu jambo kubwa namna hiyo zikiwa na mfuko mdogo namna hiyo.

Ila tuulize swali letu: nani alihesabiwa mjinga? Bibi yangu mzaa mama, mkazi wa Mtoni, alikuwa amehitimu chuoni akiwa msichana. Alisoma Maulidi kwenye shughuli za wanawake, na madeni ya wateja wake wa maandazi aliyaandika katika daftari kwa Kiswahili, kwa hati ya Kiarabu. Waandikishaji walipopita mtaani walimpa karatasi yenye herufi za Kirumi. Hakuweza, akaandikwa miongoni mwa wasiojua. Hakununa. Alikwenda darasani jioni, akafuzu, na mpaka leo akisimulia husema, "Nilikwenda kujifunza kusoma mara ya pili, mjukuu wangu. Mara ya kwanza hawakuiona." Namuuliza daftari la madeni alibadili hati? Anacheka. Hakubadili, kwa sababu kwa hati ile wadeni hawakuweza kuchungulia.

Kwa hiyo asilimia 67 zile zilikuwa na watu wa namna mbili ndani yake, na takwimu haikuwatenganisha. Kwa mikoa ya bara huenda tofauti ilikuwa ndogo. Kwa pwani, na kwa Temeke hasa, sidhani.

Kwa upande wa watoto, Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 iliufanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia shule zote za msingi za serikali, ada zikafutwa mwaka 1973, na Azimio la Musoma la Novemba 1974 likaagiza kwamba kufikia mwishoni mwa mwaka 1977 kila mtoto awe na nafasi darasani. Walimu walitoka wapi? Walichukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakafundishwa kwa posta, kwa redio na kwa kusimama mbele ya watoto wenyewe. Mitaani ufupisho wa UPE ukafasiriwa "Ualimu Pasipo Elimu". Utani huo umedumu, na umerithiwa: miaka ya 2000, serikali ilipohitaji tena walimu kwa haraka, watu wakawaita vodafasta. Mimi napendekeza tuuweke kando. Kijana wa miaka kumi na saba aliyekabidhiwa watoto wengi kuliko madawati, chaki ikiwa ya kuhesabu, akawafundisha kuandika kwa kidole mchangani na kuhesabu kwa visoda, huyo ndiye aliyewatoa wasomaji wa magazeti na riwaya pendwa za miaka ya 1980. Wahakiki waliozikemea riwaya zile hawakujiuliza wasomaji wale wametokea wapi ghafla.

KITABU CHA KWANZA KAMA KAZI YA FASIHI

Sasa niombe ruhusa ya kufanya uhakiki. Kitabu cha darasa la kwanza kina fani na maudhui kama kitabu kingine chochote, na kimesomwa na watu wengi kuliko kazi yoyote iliyoko kwenye orodha ya kozi zetu. Watu wazima wa leo waliosoma Tujifunze Lugha Yetu wanaweza kusahau jina la mbunge wao, lakini wataje Kibanga Ampiga Mkoloni au jina la Wagagagigikoko uone nyuso zinavyobadilika. Tuliangalie jina hilo la pili. Wa-ga-ga-gi-gi-ko-ko. Ni silabi zimejipanga mbili mbili, zoezi la kusoma lililojificha ndani ya kichekesho. Mtoto asiyeweza kutenganisha ga na gi hawezi kulitamka, na kwa kuwa linachekesha, atajaribu mpaka aweze.

Fani ya vitabu hivi ni silabi. Mwalimu anaandika ubaoni a e i o u, kisha ba be bi bo bu, kisha ma me mi mo mu, darasa linaimba. Wengine wanaona ni kukariri tu. Lakini tuchukue sentensi mbili za aina inayojaa katika vitabu hivi, nazitunga mwenyewe: baba anakata mti, mama anapika wali. Hesabu. Ba-ba-a-na-ka-ta-m-ti, mizani nane. Ma-ma-a-na-pi-ka-wa-li, mizani nane. Zikiunganishwa zinatoa mshororo kamili wa shairi la kimapokeo, ukwapi na utao, mizani kumi na sita. Sidai kwamba watunzi wa vitabu vya shule walikuwa malenga. Nadai kwamba silabi ambayo mtoto anaigonga kwa kiganja juu ya dawati ndiyo ile ile ambayo mshairi anaihesabu kwa vidole, na kwamba mtoto wa Kiswahili anajifunza kupima mizani kabla hajajifunza kusoma neno. Ndiyo maana anapata taabu sana pale ambapo hata washairi hubishana. M ya mti inasimama peke yake, ni mizani kamili. M ya mbuzi inaegemea b, haihesabiwi. Mtoto anayesoma "muti" hajakosea kiholela. Ametafuta irabu ambayo kila silabi nyingine aliyofundishwa ilikuwa nayo. Vivyo hivyo kwa ng' ya ng'ombe na ny ya nyumba: lugha yetu inasifiwa kwamba inaandikwa kama inavyotamkwa, na ni kweli kwa kiasi kikubwa, lakini anayesifu hivyo kwa kawaida ameshasahau siku aliyokutana na king'ora.

Maudhui ni habari nyingine. Baba anakata mti, mama anapika wali: hapo tayari kuna mgawanyo wa kazi kati ya mume na mke ambao tungeuandikia kurasa kumi kama ungekuwa katika tamthilia. Na kuna kijiji. Vitabu vilivyozaliwa na siasa ya Ujamaa vilimchora mtoto wa shamba, mwenye ng'ombe, jembe na mto wa karibu. Mtoto wa Manzese hakuwa na mti wa kukatwa. Baba yake anatembeza bidhaa Kariakoo, mama anauza vitumbua, na maji hayatoki mtoni bali kwenye mkokoteni wa muuza madumu. Hakuna ubaya mtoto kusoma habari za mbali, fasihi ni hiyo. Ila mwaka 1967 Dar es Salaam ilikuwa na watu wapatao 273,000, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 5.3. Watoto wa mji huo walikuwa wakiongezeka darasani mwaka hadi mwaka, na bado kwa muda mrefu mji ulikuwa haujaingia kitabuni.

VIDUDU, TWISHENI NA MAANDISHI YA NJIANI

Mji wenyewe ulijiingiza kwa mlango wa nyuma. Madarasa ya watoto wadogo, ambayo mitaani yaliitwa shule ya vidudu na leo yanaitwa chekechea au awali, yalienea kwanza kwa juhudi za jumuiya, taasisi za dini na watu binafsi, na ni Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliyoyatambua rasmi kama elimu ya awali ya miaka miwili. Katika viunga vyetu vidudu mara nyingi ni sebule ya mama mmoja aliyemaliza shule, amebandika herufi ukutani, wazazi wanalipa kwa siku au kwa wiki wakipata. Ukitazama kwa makini ni chuo kile kile: baraza, jamvi, kuimba kwa pamoja, ada ndogo ndogo. Kilichobadilika ni hati.

Katikati ya miaka ya 1980 michango ya shule ilirudi, mishahara ya walimu ikawa haimalizi mwezi, na uandikishaji uliokuwa umekaribia watoto wote mwanzoni mwa muongo ukashuka hadi asilimia sabini na kitu. Hapo ndipo twisheni iliposhika kasi. Somo lililopaswa kufundishwa asubuhi bure likafundishwa jioni kwa pesa. Miaka ya 1990 zikaja akademia za Inglishi midiamu na mabasi yao ya njano, na mtaa mmoja ukawa na watoto wanaoanza na baba na watoto wanaoanza na tufaha ambalo hawajawahi kulila. Nalipita hili haraka kwa sababu limeshaandikwa sana. Niseme tu kwamba mtoto anayefundishwa kusoma kwa lugha asiyoisikia nyumbani yuko katika hali ile ile ambayo chuo kililaumiwa kwayo, na cha ajabu wanaolaumu chuo wengi wao watoto wao wako akademia.

Kuna mwalimu mwingine ambaye hana daraja la mshahara, naye ni kanga. Majina ya kanga mwanzoni yaliandikwa kwa hati ya Kiarabu, baadaye kwa Kirumi, na alama ya Kaderdina wa Mombasa, Mali ya Abdulla, imepita mbele ya macho ya watoto wengi kuliko kitabu chochote. Mtoto amebebwa mgongoni au amekaa nyuma ya mama kwenye mkeka, maandishi yako sentimita chache kutoka usoni pake, kwa herufi kubwa, tena yanazungumzia ugomvi wa jirani anaoujua. Halafu daladala. Tangu mabasi ya watu binafsi yaruhusiwe mwaka 1983, kila kituo kimekuwa darasa: mtoto anamsikia konda akiita Mbagala, anaona neno limeandikwa kiooni, anaunganisha. Mtoto aliyepanda gari la Tandika badala ya la Temeke, akashushwa asikokujua, hatarudia kuchanganya silabi za mwanzo.

Nimeyataja haya kwa sababu kitabu hasa cha hadithi, cha mtoto kujisomea, kilichelewa. Maktaba Kuu ilifunguliwa mwaka 1967, lakini iko mjini, na nauli ya kwenda na kurudi kutoka Mbagala si jambo dogo kwa mzazi. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza mwaka 1991 ulifanya kazi kubwa ya kuwapa waandishi na wachapishaji wetu moyo, na baadhi ya vitabu bora vya watoto tulivyonavyo vimetokana nao. Uhakiki wa vitabu hivyo katika majarida yetu ni mchache mno. Tunaandika kuhusu waandishi watano wale wale.

KKK

Ada zilifutwa tena mwaka 2001, ukaja mpango wa MMEM, na idadi ya wanafunzi wa shule za msingi nchini ikapanda kutoka kama milioni 4.4 mwaka 2000 hadi zaidi ya milioni 7 miaka mitano baadaye. Shule za pembezoni mwa Temeke zikafurika, zikagawanywa, zikafanya zamu mbili. Halafu mwaka 2010 ukaja utafiti wa Uwezo. Watoto walijaribiwa majumbani kwao kwa hadithi fupi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili, na kati ya kumi wa darasa la tatu ni watatu tu walioweza kuisoma. Mwaka 2012 ikafahamika kwamba zaidi ya wanafunzi 5,000 waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza hawajui kusoma wala kuandika: mtihani wa kuchagua herufi A, B, C au D haukuwa umewauliza. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili ukabadilishwa mwaka 2015, masomo yakapunguzwa, uzito ukawekwa kwenye K tatu, Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Walimu wakahimizwa waanze na sauti ya herufi moja moja badala ya kuimba silabi nzima.

Njia ya sauti ina haki yake. Mwalimu yeyote amewahi kumwona mtoto anayesoma ukurasa mzima kwa ufasaha huku kitabu kakishika juu chini. Lakini iliwasilishwa kana kwamba ni jambo jipya kabisa, na hapa ndipo historia ingetusaidia. Herufi be, ikipata fataha, ba. Ikipata kasira, bi. Hii ni nini kama si kuichukua sauti moja, kuiongezea irabu, na kupata silabi? Mwalimu wa baraza la Tandika amekuwa akifundisha njia ya sauti siku zote, na hakuna semina iliyomwita aje aeleze inafaa wapi na inashindwa wapi. Mtoto wake anafika darasa la kwanza akiwa tayari anajua kwamba alama ni sauti na kwamba sauti mbili huungana. Mwalimu wa shule anamwanzishia upya, kama walivyoanzishiwa bibi zake.

Hapo ndipo narudi kwetu, wanachuo. Katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuna mkusanyo wa miswada ya Kiswahili iliyokusanywa na J. W. T. Allen na wenzake, orodha yake ikachapishwa mwaka 1970. Sehemu kubwa ni tenzi na mashairi, kwa hati ya Kiarabu. Wengi wetu tunachukua shahada ya fasihi ya Kiswahili bila kuweza kusoma hata mstari mmoja wa miswada hiyo kwa macho yetu. Tunasoma ilichonakiliwa na wengine kwa Kirumi. Mtoto wa miaka kumi aliyehitimu Juzuu Amma Mbagala angeweza kuitamka. Asingemaliza bila msaada, kwa sababu hati ile ya zamani hutumia alama moja kwa i na e, na moja kwa u na o, be mara nyingi husimama badala ya p na mb pia, na mtoto angehitaji mtu anayeijua lugha ya kishairi amwambie kama neno lililo mbele yake ni pita au mbeta. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu angeweza kumwambia hilo, lakini asingeweza kulitamka neno lenyewe. Allen alilifahamu jambo hili. Miswada mingi aliisoma akiwa amekaa na wenyewe pembeni, mmoja akitamka na mwingine akifasiri.